Mstari Uliopanda Kasulu

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi ya ufundi sanifu wa maabara, hasa mtakaopangiwa mahali ambapo mtu wa kumuuliza swali yuko umbali wa siku nzima ya safari. Niliifanya kazi hiyo katika shule moja ya bweni hapa Kasulu hadi nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Fizikia niliyo nayo niliisoma mwenyewe, kwanza katika vitabu vilivyopoteza majalada, baadaye kwenye simu. Nalisema mapema kwa sababu mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: jibu alilolipata kwa jasho hulipenda mno, na kulihoji huona ni kujitukana. Ugonjwa huo nusura ufunge kituo cha Kibondo, kituo kilichokuwa kinasema kweli, na umharibie jina mtu ambaye hakuwa amekosea chochote.

Niwaeleze kwanza kituo ni nini. Vyuo vikuu vinne vya nchi hii vilikubaliana kufanya utafiti mmoja wa fizikia ya chembe za nishati kubwa. Wenzetu wa nchi tajiri wana mashine ndefu zilizofukiwa ardhini za kugonganisha chembe. Sisi hatuna, lakini anga hutufanyia kazi hiyo. Chembe zinazotoka mbali sana hugonga hewa ya juu kabisa na kuvunjika, na vipande vyake, hasa vile vinavyoitwa muoni, hushuka saa zote. Vinapita kwenye bati, kwenye mbao, na kwenye kichwa chako wewe unayesoma. Chuo kimoja peke yake kisingeweza kuweka mashine za kuzihesabu nchi nzima, kwa hiyo waligawana: kimoja kilitengeneza vibao, kingine saketi, cha tatu programu, cha nne kilikusanya hesabu. Vituo viliwekwa katika shule. Ukanda wetu huu wa juu ulipata viwili: kimoja kwetu Kasulu, kingine katika shule ya kata nje kidogo ya mji wa Kibondo.

Kibao chenyewe ni kipande cha plastiki maalumu, ukubwa wa sinia. Chembe ikipita ndani yake hutoa mmweko mdogo ambao jicho la mtu haliuoni, ila jicho la umeme lililobanwa pembeni linauona. Unaweka viwili, kimoja juu ya kingine, na mashine huhesabu pale tu vyote vinapomweka pamoja.

Aliyenifundisha kuvifunga ni Mzee Shomari, fundi wa chuo kimoja cha pwani, aliyekuja kukaa nasi wiki mbili. Kibao lazima kifungwe kwa tepu nyeusi pande zote, kwa sababu mwanga wa nje ukipenya, mashine itahesabu uongo. Nilipofunga cha kwanza nikamwambia tayari.

"Tayari kwa nani?" akauliza. "Funga madirisha. Washa tochi. Pitisha kila ukingo, polepole, huku unasoma hesabu."

Hesabu ikaruka. Nikafungua, nikafunga upya. Ikaruka tena. Mara ya tano ikatulia, akasema, "Sasa kunywa chai." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake.

Siku nyingine, alipokuwa amesharudi pwani, hesabu zetu zikawa zinayumba kila mchana. Niliandika kurasa tatu kueleza jinsi jua linavyoathiri anga ya juu ya Kigoma. Nikampigia simu nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Boksi umelifungua?" Nikalifungua. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo kwenye tundu la feni, na saketi ilikuwa inachemka. Nilizichana zile kurasa, lakini somo lenyewe sikulishika, kama mtakavyoona.

Mwaka ule ninaousimulia, muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa Julai, Bi. Zuhura, mtunza stoo wetu, alinifuata maabara. Kwao ni wafanyabiashara wa hapa mjini wenye asili ya pwani, na ulimi wake hauna breki.

"Fundi, paa la stoo linavuja, na wazazi wameshaleta maharage na mahindi. Kile chumba chako cha juu unakifanyia nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi kipate kitu."

Maabara yetu iko chini katika jengo la zamani la ghorofa moja, sakafu ya juu ni mbao nene zilizolala juu ya mihimili. Chumba hicho kilikuwa juu kabisa ya vibao vyangu. Nilikagua mihimili, nikaona ni imara, nikaruhusu. Magunia yakapangwa matabaka manne. Na jioni ile nilipojaza fomu ya kila siku tunayotuma vyuoni, penye swali linalouliza kama kuna kilichobadilika kwenye kituo, niliandika "Hakuna". Sikudanganya. Nililiuliza swali hilo kwenye nyaya, betri, saa na tepu. Maharage kwangu yalikuwa chakula.

Kuanzia wiki ile hesabu zetu zilishuka, kisha zikaanza kupanda. Polepole sana, lakini wiki hadi wiki, bila kurudi nyuma. Kule kushuka kwa mwanzo nilikuta kumeangukia siku niliyobadilisha betri, nikakufuta kama hitilafu ya betri. Kupanda nikakubakiza. Angalieni nilivyofanya: mambo mawili yaliyotokea katika mashine ileile, moja nililitupa na lingine nikalitunza, kwa sababu lile la pili lilikuwa zuri.

Daktari Kalinga, mratibu wa ushirikiano wa vyuo, alinipigia simu mwezi wa Oktoba. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa na haraka.

"Fundi Ruhaza, huo mstari wako unaopanda, tumeondoa athari ya mgandamizo wa hewa, bado unapanda. Umekagua kila kitu?"

"Kila kitu, Daktari."

"Kwa sababu wa Kibondo haupandi. Umenyooka tu, tena uko juu ya wako tangu Julai. Mmoja wenu ana tatizo."

Kibondo kituo kilitunzwa na Mwalimu Ndayizeye, anayefundisha fizikia pale. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita, yeye ni raia, analima, anafundisha, na ananizidi uvumilivu. Daktari aliniomba nimtembelee nikague. Nilikwenda. Sikuona kosa. Lakini nilikuwa nimekwenda kulitafuta, na mtu aliyetumwa kutafuta kosa huona aibu kurudi mikono mitupu. Tochi yake ya kupimia ilikuwa na mwanga hafifu, nikaishika hiyo. Niliporudi niliandika taarifa bila kuweka jina, kama vyuo vilivyotaka, yenye hoja nne: (a), (b), (c), (d). Nilisema huenda vibao vya Kibondo vinapenyeza mwanga, ndiyo maana hesabu ziko juu, na kwamba tochi anayotumia haiwezi kuonyesha.

Habari ilizagaa. Katika chumba cha walimu mmoja akasema, "Mashine ya Ndayizeye imekimbia mahesabu. Si unajua, kukimbia wamezoea." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hilo nimeliandika hapa kwa makusudi, maana ningeweza kuliruka.

Mwishoni mwa Novemba tukaambiwa kikao cha vyuo vyote vinne kitakuwa Ijumaa, kwa video. Ajenda ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, mstari wa Kasulu kuingizwa kwenye ripoti ya pamoja. La pili, kituo cha Kibondo kufungwa. Ndayizeye aliagizwa avifungue vibao vyake na kuvileta Kasulu kabla ya kikao.

Jumatatu ya wiki hiyo lori lilileta magunia mapya. Nilisikia wapakuzi wakipanda na kushuka ngazi, sikujali. Jumanne asubuhi nilisoma hesabu, nikazisoma tena. Zilikuwa zimeanguka. Kila kilichopanda tangu Julai kilikuwa kimefutika katika siku moja.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, kimoja kimoja. Betri, nzima. Waya wa kutuliza radi, umekaza. Saa, sahihi. Nilifunga madirisha, nikapitisha tochi kila ukingo, hesabu ikatulia kama maji ya mtungi. Nikaketi kuandika. Kitu chepesi kikaangukia daftari. Nilikipangusa, kikaanguka kingine. Vumbi la maganda ya maharage, likichuja kutoka katikati ya mbao.

Niliinua kichwa na sikuweza kukishusha kwa muda.

Hesabu ilikuwa rahisi mno. Magunia mazito juu ya vibao huzuia sehemu ya chembe. Julai yalijaa, hesabu zikashuka. Wanafunzi wakala, magunia yakapungua, chembe nyingi zaidi zikapita, hesabu zikapanda kufuata mlo wa shule. Kibondo hakuna kitu juu ya vibao isipokuwa bati, ndiyo maana mstari wake ulinyooka, na ndiyo maana ulikuwa juu ya wangu. Ndayizeye alikuwa sahihi kila siku ya miezi ile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hiyo ya Jumanne, kwenye fomu, niliandika "Betri imechoka." Kwa peni, si kwa penseli. Kikao kingetumia hesabu hadi Jumapili, na anguko lile wasingeliona kama nisingelitaja. Jumatano nzima niliishi na sentensi hiyo. Nilifundisha matumizi ya mizani, nikaosha chupa, nikala, na kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Nilijiambia kwamba mimi si mtaalamu, kwamba labda nimekosea, kwamba madaktari wameshakubali. Nilijua kila moja ya hizo ni hoja ya mwoga, na bado nilizipanga kwa herufi.

Alhamisi saa nne asubuhi Ndayizeye alishuka kwenye gari na vibao vyake vimefungwa ndani ya blanketi, kavikumbatia kama mgonjwa.

"Mwakeye, mkubwa," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Za Kibondo?"

"Salama. Chumba kimebaki kitupu tu." Akaviweka mezani taratibu. "Nimekuja navyo vikiwa kwenye tepu yangu. Sikutaka kuifungua. Kama vinapenyeza, watapenda kuona wenyewe."

Nikamwambia tu, "Twende juu."

Tulipanda. Chumba kilijaa hadi usawa wa kifua. Aliyatazama magunia, akatazama sakafu, akapiga hatua kadhaa kuhesabu kutoka ukutani hadi pale vilipo vibao vyangu chini. Hakuhitaji kuelezwa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Julai."

"Tupime," akasema. "Tusiseme tu."

Tulipima. Tulianza na vibao vyake, tukaviweka chini ya magunia kando ya vyangu: vyote vikasoma chini. Tukavihamishia darasa la jirani ambalo juu yake ni bati tupu: vikasoma kama vilivyokuwa vikisoma Kibondo. Tukavipitishia tochi, na safari hii tochi yangu, yenye mwanga mkali. Havikupenyeza hata kidogo. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Kilichobaki kilikuwa kuyaondoa magunia, na hapo tukakutana na Bi. Zuhura kwenye ngazi.

"Mnayapeleka wapi?"

"Upande wa pili wa chumba. Kwa saa chache tu, Bi. Zuhura. Kisha tutayarudisha."

"Yarudi pale pale?"

"Pale pale."

"Mnayatoa ili myarudishe." Akamgeukia Ndayizeye. "Mwalimu, na wewe umetoka Kibondo kwa hili? Huyu mwacheni, tumemzoea."

Nikamweleza, kwa ufupi, nini kimetokea. Alisikiliza mdomo wazi, kisha akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Kwa hiyo miezi yote hiyo unatwambia tutembee polepole unapima mambo ya mbinguni, kumbe unapima mboga ya wanafunzi!"

"Ndiyo."

"Ungeniuliza mimi. Ningekwambia lini inapungua." Akafuta machozi, akakunja mikono ya gauni. "Haya, ondokeni hapo, hamjui kushika gunia. Shika masikio yake, Fundi, siyo tumbo."

Tulipoyasogeza hesabu zilipanda. Nilitaka kuishia hapo, mgongo ulikuwa unawaka, lakini Ndayizeye alikuwa ameshaanza kuyarudisha. Yaliporudi hesabu zilishuka. Kumbukeni hilo: ukiondoa kitu na tatizo likaondoka, hujathibitisha bado. Kirudishe, uone kama na tatizo litarudi. Ndipo uandike.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Nilimpigia Daktari Kalinga simu nikiwa nimesimama uani, na nilimwambia yote kwa mpangilio: magunia, tarehe, fomu zangu, na ile sentensi ya betri.

"Ripoti ipo tayari, Fundi," alisema. "Vyuo vinne vimeisoma."

"Najua, Daktari."

"Ungeniambia Jumanne."

"Najua."

"Kesho utakuwepo kikaoni. Sitakusemea."

Ijumaa tuliketi maabara, mimi na Ndayizeye, mbele ya kompyuta moja. Kwenye kioo kulikuwa na nyuso nyingi kuliko nilivyotarajia. Daktari Kalinga akasema mstari wa Kasulu unaondolewa kwenye ripoti, na kwamba fundi wa kituo ataeleza. Nilieleza. Profesa mmoja mwenye nywele nyeupe akaondoa miwani.

"Chumba cha juu ya mashine, nani aliruhusu kiwekwe mizigo?"

"Mimi."

"Na fomu zilizosema hakuna kilichobadilika?"

"Nilizijaza mimi."

Hakuna aliyenitetea, na hakuna aliyenigombeza. Nadhani kugombezwa kungekuwa nafuu. Waliongea wao kwa wao kama dakika ishirini. Kisha Daktari akasoma maamuzi. Hesabu za Kasulu tangu Julai zinafutwa. Kibondo hakifungwi. Kwa kuwa magunia hayana pengine pa kwenda na jengo letu halina sehemu nyingine ya kuaminika, kituo cha Kasulu ndicho kitakachofungwa, na vibao vyake viende Kibondo, ili pale pawe na vinne. "Na ile taarifa iliyotolewa kuhusu Kibondo," akamalizia, "inaondolewa kwenye kumbukumbu." Hakusema iliandikwa na nani. Alinitazama, au nilihisi ananitazama, kisha kioo kikazima.

Tuliingia kazini. Nilikata nyaya, nikafunga skrubu moja moja kwenye karatasi na kuziandika majina. Ndayizeye alitandika blanketi. Hakuna aliyetaja taarifa ile. Ilikuwa imeshafutwa, mwandishi wake hajulikani, na mtu niliyemdhulumu alikuwa anapiga mluzi. Ningeweza kumpa vibao, nikamshika mkono, na jambo likaishia pale. Tulipofika kwenye kibao cha mwisho niliweka bisibisi chini.

"Mwalimu," nikasema. "Ile taarifa niliandika mimi."

Aliendelea kukunja pembe ya blanketi.

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Walinitumia nakala nijitetee." Akainua macho. "Mkubwa, katika mkoa huu wote, nani mwingine analalamika kwa (a), (b), (c), (d)? Na hiyo (d) ni tochi yangu. Tochi yangu umeishika wewe tu."

"Ulijua, na jana ukanibebea magunia?"

"Nilikuja na vibao vyangu kuona kama utasema. Uliposema kuhusu magunia, nikasema haya, nusu. Nikasubiri nusu nyingine." Akatazama saa ya ukutani. "Nilijipa hadi gari liondoke."

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana," akasema, na hakutabasamu. Kisha akainama, akashika kibao kile kwa upande wake. "Shika huko. Usikibane kwenye tepu."

Nikashika. Tulikinyanyua pamoja, tukatoka nacho hadi kwenye gari, na nikapanda naye kwenda Kibondo kuvifunga.